Sheha Hamjui Mama Yangu

Alimwamkia kwanza. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Tuliingia ofisini kwake asubuhi, mama kavaa buibui lake la kutokea na viatu vya mpira kwa sababu ya miguu yake inayovimba, na yule mwanamume akainuka nusu kwenye kiti, akasema, "Shikamoo, mama." Mama akamjibu, "Marahaba, mwanangu." Bwana wa vitambulisho aliyekuwa amekaa pembeni akauliza lile alilokuja kuuliza: "Sheha, unamjua bi mkubwa huyu? Ni mkaazi wa shehia yako?" Sheha akatazama ukuta juu ya kichwa cha mama.

"Simjui," akasema.

Mama alicheka. Alidhani anataniwa, kama alivyokuwa akitaniwa na mtu huyu huyu miaka yote aliyokuwa akipita mlangoni petu kuomba maji ya baridi. Alicheka peke yake, akanitazama mimi, akamtazama bwana wa vitambulisho, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Sheha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi, kwamba nyumba za Mji Mkongwe zina wapangaji wengi, watu wanahama na kuhamia, na yeye hawezi kumkumbuka kila mtu.

Mama amezaliwa katika nyumba ile. Kaolewa kwa kuhama kutoka chumba cha juu kwenda chumba cha chini. Sijapata kumwona akilala nje ya mji zaidi ya safari za mazishi na harusi za Makunduchi, kwa jamaa wa marehemu baba.

Kwa asiye wa kwetu, nieleze. Sheha ndiye serikali ya mtaani. Hachaguliwi na sisi, huteuliwa na wakubwa. Ukitaka kuhama, kuzika, kufanya harusi ya kufunga njia, au kupata kitambulisho cha mkaazi, sheha ndiye anayesema wewe nani. Akisema anakujua, upo. Akisema hakujui, unaweza ukawa umesimama mbele yake, unatoka jasho, unanuka udi wa nyumbani kwako, na hupo.

Tulikuwa na haraka, na yeye alijua. Mdogo wake mama, aliyeolewa Maskati akiwa msichana, figo zake zilikuwa zimekufa. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akija Unguja, na masanduku yake ya halua na vitambaa, kwa hiyo mama hakuwahi kuwa na haja ya pasipoti. Sasa dada hawezi kupanda ndege, anaunganishwa na mashine, na watoto wake walikwisha sema wako tayari kumpokea mama siku yoyote. Kilichobaki ni pasipoti. Pasipoti haitoki bila kitambulisho cha mkaazi, kitambulisho cha mama kilikuwa kimekwisha muda wake, na kipya hakitoki mpaka sheha aseme neno moja. Alisema maneno mengi. Lile moja ndilo alilolikataa.

Sababu naijua. Nyumba yetu ni ndefu, na paa lake linaonekana kutoka Darajani. Ulikuwa ukikaribia uchaguzi, sheha akaja na watu wawili na mlingoti, anataka kusimamisha bendera ya chama chake juu yetu. Mama akamwambia paa lake ni la kuanikia nguo na pilipili, bendera zina ofisi zake. Hakusema kwa ubaya. Hata angekuja mtu wa chama kingine angemjibu hayo hayo. Lakini sheha aliondoka na mlingoti wake begani, watu wa barazani wanamtazama, na mtu mwenye cheo kidogo hasahau siku aliyotazamwa namna ile.

Sasa nitasema lile linaloifanya damu yangu ichemke kila ninapoandika. Sheha huyu amenyonya kwa mama. Tulizaliwa mwezi mmoja, mimi na yeye, milango miwili mbali. Mama yake alipata jipu la ziwa, akalazwa, na yeye akaletwa kwetu amefungwa kanga, analia mpaka amekuwa mwekundu. Mama akatunyonyesha sote wawili mpaka yule mwanamke akapona, na baada ya hapo aliendelea kuletwa kwa sababu alikuwa amekwisha zoea. Mama akisimulia husema mimi nilikuwa na ziwa la kulia, yeye la kushoto.

Katika dini yetu hilo si hadithi ya kusimuliana kwenye chai. Aliyenyonya mara tano akashiba ni mtoto, na watoto wa ziwa moja ni ndugu. Ndiyo maana miaka yote nilikaa mbele ya mtu huyu kichwa wazi, kama ninavyokaa mbele ya kaka zangu, na hakuna aliyenisema.

Siku ile tulipotoka ofisini kwake alitusindikiza mpaka mlangoni, ana adabu zake zote. Mimi nikasimama kizingitini, nikavuta mtandio wangu mpaka kwenye nyusi, nikaupitisha juu ya pua. Akaona. Nikamwambia, "Maana sikujui na mie. Mtu nisiyemjua namfunikia."

Mama alinivuta mkono.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nafundisha vidato vya juu, na kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba dola hujengwa kwa majeshi, biashara na sheria. Wanaandika, wanafaulu, wanasahau. Wiki ile niliingia darasani nikafuta ubao, nikaanza upya.

Niliwaambia: tazameni nani alikuwepo kila wakati. Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa Unguja ya kale, alikuwa na masheha vijijini. Wakaja watu wa Omani na majahazi yao na mizinga, wakachukua mji, wakapanda karafuu, lakini mzinga haujui nani anaishi kibanda gani, nani ana mnazi upi, nani mgeni. Wakamwita sheha. Akaja Mwingereza na ramani na mizani, akaweka mudiri wa kusimamia wilaya, na mudiri akamwita sheha. Yakaja Mapinduzi, yakasema ya kale yamekwisha, usheha ukapumzishwa kidogo, kisha ukarudi na ofisi, kiti cha kuzunguka na picha ukutani. Kila aliyeteremka hapa na bunduki, akishamaliza kupiga, aliuliza swali lile lile: nani anawajua watu wa hapa? Kuichukua nchi ni kazi ya asubuhi moja. Kukaa nayo kunataka mtu wa kuonesha kidole.

Msichana mmoja akauliza kama hayo yatakuja kwenye mtihani. Nikamwambia hayatakuja, na ndiyo maana ayasikilize.

Nilikwenda nao Mtoni pia, kwenye magofu ya kasri. Wakapigana picha kwenye mabafu yasiyo na maji, wakala mihogo ya kukaanga. Mimi nilizitazama zile kuta na sikuona huruma yoyote. Mwenye kasri alikufa, watoto wake wakagombana, wajukuu wakakimbia. Aliyekuwa akimwambia yule mfalme nani ni nani, mrithi wake bado anapita mtaani kwetu na funguo za ofisi zinamlia mfukoni. Walinzi wa magofu wakaniuliza kwa nini nimekunja uso, nikawaambia jua kali.

Nilihangaika, sikukaa kitako. Nilikwenda ofisi kubwa, nikaambiwa sheha ndiye anayewajua watu, nirudi kwake. Nilikwenda kwa mkubwa wake sheha, nikaambiwa wao hawawezi kumwingilia sheha katika shehia yake. Nikawapeleka majirani watatu waseme wanamjua mama, mmoja wao mwanamke aliyeosha maiti ya bibi yangu, na bwana wa vitambulisho akasema kwa upole kwamba hana shaka, ila kompyuta inamtaka sheha. Upole wao ndio ulionichosha zaidi. Wote walimwita mama yangu bi mkubwa, wote walimpa kiti, na wote walimrudisha nyumbani mkono mtupu.

Kila alasiri mama alikuwa akiwekewa simu juu ya mto, na uso wa mdogo wake unatokea, umejaa maji, macho madogo. Walikuwa wakizungumza mambo ya utotoni tu: nani alianguka kisimani, nani aliiba ubuyu. Kila mwisho mama mdogo aliuliza, "Lini unakuja?" Na mama alisema, "Nnakuja. Wanamalizia mambo yangu."

Hakumwambia hata siku moja kwamba Unguja hawamjui.

Ikaja posa. Binti wa sheha, msichana mpole ambaye sina ugomvi naye, akaposwa na kijana wa mtaa wa Amani, fundi wa majokofu mwenye duka lake. Ilikuwa harusi ya kujionesha. Sheha alikuwa amekwisha alika wakubwa, na wakubwa walikuwa wamekwisha kubali. Kwake yeye harusi ile ilikuwa ngazi. Nani atakaa mbele, nani atapewa maikrofoni, nani atamwona amekaa karibu na nani.

Siku chache kabla ya ndoa, shangazi wa bwana harusi akatoka Tumbatu kuja kusaidia kupika. Akauliza bibi harusi anatoka mtaa gani. Alipoambiwa, akaacha kuchambua mchele. Akasema, huyu bwana harusi, mama yake alipomzaa alikuwa mpangaji mtaa huo huo, kwenye nyumba ndefu, na alipougua homa ya uzazi mtoto alinyonyeshwa na mwenye nyumba mwezi mzima. Wakaulizana mwenye nyumba ni nani.

Mwenye nyumba ni mama yangu. Mimi nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nakumbuka vizuri. Mama alikuwa ananyonyesha kitinda mimba wetu, na mie ndiye niliyekuwa nikimpandisha ngazi yule mtoto wa mpangaji na kumshusha akishashiba. Alikuwa mzito, na alikuwa akinitapikia begani. Walihama angali mchanga, na hatukujua kuwa ndiye huyu.

Basi hesabu yake ni nyepesi, na mtaa mzima uliifanya kabla ya magharibi. Sheha amenyonya kwa mama. Bwana harusi amenyonya kwa mama. Kwa hiyo sheha na bwana harusi ni ndugu, na bwana harusi ni baba mdogo wa bibi harusi. Ndoa haiwezekani. Shekhe wa msikiti wetu akasema hatafungisha mpaka amsikie mwenyewe aliyenyonyesha, kwa kinywa chake, kwa wote wawili. Akasema atakuja kesho baada ya alasiri.

Sheha alitangulia. Alikuja siku ile ile, peke yake, akapitia mlango wa uwani ambao tangu utu uzima wake hakuupita. Mimi nilikuwa nafua. Nikafunika kichwa kwa mikono yenye sabuni. Akapita bila kunitazama, akaenda kukaa chini, sakafuni, miguuni kwa mama, kama tulivyokuwa tukikaa tukisukwa na kukatwa kucha. Kanzu yake ilikuwa imenyooshwa vizuri.

"Mama, nna shida," akasema.

"Sema."

"Kesho shekhe anakuja kukuuliza. Ya yule bwana harusi mwambie kweli, shangazi yake keshasema. Lakini kwangu mimi, mwambie hukuninyonyesha. Mwambie nililetwa hapa nikabembelezwa tu, nikarudishwa. Walokuwepo washakufa. Ni neno lako tu."

Mama alikuwa na tasbihi mkononi. Hakuacha kuivuta.

"Unataka nseme sikujui," akasema.

"Kwa ziwa tu, mama. Kwa ziwa tu." Kisha akasogea karibu, na sauti yake ikawa ile ya ofisini. "Na mie kesho kutwa nnakwenda mwenyewe kule kwenye vitambulisho. Ntasema nakujua. Mkono kwa mkono. Mwezi huu huu upo Maskati unamtazama mdogo wako."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, maji yananichuruzika viwikoni. Namchukia mtu yule kuliko ninavyoweza kuandika, na kwa dakika ile nilitaka mama akubali. Nasema wazi. Nilitaka akubali ziwa lile halikuwepo, apande ndege, amshike dada yake mkono, na hao wengine waoane waachane shauri yao.

Mama akamuuliza, "Bintiyo anajua?"

"Hajui kitu. Analia tu."

"Mwambie anyamaze. Atapata mwengine." Akaweka mkono juu ya kofia ya sheha, akauacha pale kidogo. "Nenda zako nyumbani."

Alipotoka, nilimwaga hasira zote kwa mama. Nilimwambia yeye kakukana mbele ya serikali, mchana kweupe, bila kupepesa macho, wewe unashindwa nini kumkana mbele ya shekhe? Nilimwambia dada yako anakufa. Nilimwambia maneno mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na watoto wakizaliwa?" Akataka nimsaidie kuinuka akatawadhe.

Kesho yake walikuja: shekhe, mjomba wa bwana harusi, yule shangazi wa Tumbatu, na sheha. Sebule ikajaa viatu. Mimi niliweka kahawa na kashata, nimejifunika mpaka vidole. Shekhe akauliza kwanza habari za bwana harusi, mama akasema ndiyo, mwezi mzima, mchana na usiku. Shangazi akaitikia kwa kichwa.

"Na huyu, bi mkubwa?" shekhe akamwonesha sheha.

Sheha alikuwa anatazama ukuta. Ukuta ule ule wa siku ile, ungedhani anatembea nao.

"Huyu namjua," mama akasema. "Nimemnyonyesha mimi, mpaka akaota meno. Ziwa la kushoto. Alikuwa akiniuma."

Sheha akasimama. Akasema bi mkubwa ni mtu mzima sasa, anasahau, anachanganya watoto, na isitoshe nyumba hii ina chuki na yeye, kila mtu anajua. Mama hakupandisha sauti. Akasema kama anachanganya, basi aulizwe huyu bwana ana alama gani ya moto na iko wapi, alipokalia jiko la mkaa akitambaa uwani humu. Akaanza kutaja mahali. Shekhe akamnyanyulia mkono, akasema inatosha, bi mkubwa, inatosha kabisa. Mjomba wa bwana harusi alikuwa anatazama kashata yake kwa bidii.

Ndoa haikufungwa. Turubai lilishushwa, wakubwa wakaarifiwa kwa simu, na masufuria ya kukodi yakarudi yalikotoka bila kutiwa moto. Sheha hakwenda kwenye vitambulisho kesho kutwa, wala siku nyingine yoyote. Bwana wa vitambulisho aliniambia jina la mama bado lipo, linasubiri.

Mama mdogo alikufa mwezi uliofuata. Watoto wake walituwekea simu, tukaona jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani, wanaume wenye kanzu nyeupe na vilemba wanalibeba kwenye vumbi la rangi ya ngano, kisha mtandao ukakatika. Mama aliendelea kuitazama simu iliyozimika. Akaniuliza kama wameshafika makaburini. Nikamwambia wameshafika.

Hitma ilisomwa kwetu, na sheha alikuja. Alikaa barazani na wanaume, akapokea mikono ya pole kama mtoto wa nyumba, na alipoingia kumpa mama mkono wa tanzia alilia, machozi ya kweli. Sikuguswa hata kidogo. Wapo watakaosema dola ni kitu kikubwa, kiko mbali, na yule ni mtu mdogo tu anayetumwa. Mimi nimefundisha dola miaka mingi, na ile niliyoiona kwa macho ilikuwa imekaa sebuleni kwetu, inapangusa pua kwa leso niliyoifua mimi.

Yeye bado ni sheha. Bendera amepata paa jengine. Kila asubuhi akienda ofisini hupita mlangoni petu, na mama huwa amekaa kwenye kibao chake anachambua mchicha. "Shikamoo, mama," husema. "Marahaba, mwanangu," mama humjibu, na humuuliza kama amekunywa chai.

Mimi huvuta mtandio usoni mpaka apite.